Almasi Nne za Zombo

Siku waliyoniaga, vijana wa ofisini walinikatia keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, kisha wakaniomba niandike chochote ninachokumbuka kuhusu kazi ya kuthamini vito. Nimekaa nyumbani miezi minne sasa na sina udhuru. Nilipandishwa cheo lini na mara ngapi, hilo limo kwenye faili, atakaye akasome. Mimi nitaandika habari za mtu aliyenifundisha, za vifaa, na za kosa langu moja ambalo nusura litoe roho za watu.

Nilianza kazi Kilosa, katika ofisi ndogo isiyo mbali na stesheni ya reli. Mkuu wangu alikuwa Mzee Mhando, Mkaguru wa Mamboya, mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kunawa mikono kabla ya kugusa jiwe kama mtu anayekwenda kula. Asubuhi yangu ya kwanza alimwaga mawe mekundu juu ya karatasi nyeupe, akanipa lenzi na kibano, akaniambia nitoe vioo vyote. Kufikia saa sita nilikuwa nimetoa vinne, na nilijiona hodari. Akaniambia vilikuwa kumi na kimoja. Mchana ule alinionyesha vipovu vilivyonaswa ndani ya kioo, kama vya soda. Halafu akatenga mawe mawili mengine na kuniuliza hayo ni nini. Nikasema ni rubi. Akasema ndiyo, ni rubi, ila zimetengenezwa kiwandani, na akanishikia taa mpaka nikaona mistari myembamba iliyopinda ndani yake, kama ile ya sahani ya santuri.

Sikulala vizuri siku ile. Kioo kujifanya rubi nilikielewa. Rubi ambayo ni rubi kweli, lakini haijawahi kuwa chini ya ardhi, ilinichanganya.

Mzee Mhando alisomea ng'ambo kwa muda, na alipenda kutusimulia habari za almasi za kutengenezwa. Alisema Ulaya, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wataalamu walikuwa wakiyeyusha chuma pamoja na kaboni kwenye tanuri kali na kukipoza ghafla, wakitumaini kukuta almasi ndani. Mmoja alitangaza kwamba amezikuta, ndogo kama vumbi. Baadaye wenzake walijaribu njia yake wakatoka mikono mitupu, na ikaenea habari kwamba huenda msaidizi wake alichoka na kazi isiyokwisha akatumbukiza punje za almasi halisi ili mzee wa watu aridhike. Miaka hiyohiyo watunzi wa hadithi fupi huko walikuwa wakiandika juu ya watu waliopika almasi vyumbani mwao na kuharibikiwa maisha, na matapeli wa kweli nao walikuwa wakiwachota matajiri kwa ahadi hiyohiyo. Mashine yenyewe ilikuja kuweza miaka ya hamsini. Watu walidanganya kwanza kwamba wanaiweza kazi hiyo, alisema Mzee Mhando, ndipo wakaijua. Alituambia siku moja almasi hizo zitafika mpaka huku kwetu. Sisi tulicheka. Wilaya nzima haikuwa na almasi ya kweli; nani angeleta ya kutengenezwa?

Baada ya yeye kustaafu na kurudi Mamboya, mimi nilihamishiwa Mikumi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu, kati ya duka la vipuri na mgahawa wa supu. Madalali waliotoka Ulanga na mawe mekundu walipitia pale kabla ya kwenda Morogoro na Dar. Mizani ya karati, ile ya kupimia vito, haipendi malori. Kila lori la Zambia likipita, namba zilicheza, kwa hiyo nilijifunza kupima katikati ya lori na lori. Nyani walikuwa shida nyingine. Mmoja aliingia dirishani akachukua chapati zangu na lenzi. Chapati alikula, lenzi aliitafuna akaitema, na mpaka leo sijui niliandika nini kwenye fomu ya kuomba nyingine.

Huko ndiko alikonikuta Festo.

Alikuja asubuhi moja akiwa na Mzee Saidi, mkulima wa kitongoji kimoja cha Zombo, kwenye tambarare yenye vumbi, mtu wa miaka sabini na kitu, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Festo mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mwenye viatu visivyo na vumbi, jambo ambalo kwa mtu aliyetoka Zombo lilipaswa kunishtua. Alisema ana kampuni ya utafutaji madini. Mzee Saidi alifungua kitambaa, na ndani yake mlikuwa na jiwe moja dogo kuliko punje ya mahindi, la rangi ya manjano kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Nilimuuliza Mzee Saidi alilipata wapi. Alinijibu akitazama meza kwamba aliliokota kijitoni, pembeni ya shamba lake.

Nilikuwa na kifaa cha kupimia almasi, kile kinachofanana na kalamu. Unagusisha ncha yake kwenye jiwe, nacho kinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Kioo hakikidanganyi, wala kwazi, yale mawe meupe ya kawaida. Niligusa, taa zote zikawaka na mlio ukatoka. Nikarudia mara tatu. Miaka yote ile wilayani, na almasi ya kwanza ilikuwa kwenye karatasi yangu.

Sasa someni hapa polepole, ninyi mnaobaki. Kwenye cheti chetu kuna nafasi ya mahali jiwe lilikopatikana. Mthamini hakuliona jiwe likiokotwa, kwa hiyo anaandika mahali hapo, halafu anaongeza maneno matatu: kwa maelezo yake. Mzee Mhando aliwahi kunirudishia vyeti sita kwa siku moja kwa kuyasahau. Siku ile, kwa furaha, niliandika almasi, nikaandika uzito, nikaandika Zombo. Nikasaini na kugonga muhuri. Maneno matatu sikuyaandika.

Wiki mbili hazikuisha kabla habari haijafika Mikumi. Festo alikuwa ametoa nakala nyingi za cheti changu na kuzibandika mpaka kwenye mashine ya kusaga. Vijana walikuja kwa pikipiki na baiskeli kutoka vijiji vya jirani, wakafukua kijito chote. Festo alizungushia mtaro mrefu eneo alilosema ndilo lenye mkanda wa almasi, na mtaro huo ulikata njia ya ng'ombe kwenda kwenye maji. Wafugaji wa tambarare ile hawakuwa na maji mengine ya karibu kiangazi kile. Wakulima nao walianza kuweka dole gumba kwenye karatasi za Festo, wakimwachia mashamba yao kwa ahadi ya kuwa na sehemu katika mgodi. Dereva mmoja wa bodaboda aliniambia ng'ombe wawili wamekatwa mapanga na kijana mmoja wa kifugaji amepigwa jiwe la kichwa. Alinihadithia huku akinipongeza, kwa kuwa alijua jina langu kutoka kwenye cheti.

Wiki ya sita Festo alirudi peke yake. Alikuwa na mawe manne: lile la kwanza, na mengine matatu ambayo watu wake walisema wameyapata mtaroni. Alitaka cheti kimoja cha yote manne.

Niliyapanga juu ya karatasi nyeupe. Yalikuwa na rangi moja. Yalikuwa na umbo moja, pembe zimekatwa kwa namna moja, na kingo zake zilikuwa kali, bila mchubuko wowote, ilhali jiwe lililoviringishwa na maji miaka na miaka huchubuka hata kama ni almasi. Niliweka lenzi. Ndani ya yote manne niliona madoa meusi yanayong'aa, madogo kama ncha za sindano. Nililitazama lile la kwanza kwa macho mapya, na madoa yalikuwemo. Yalikuwemo tangu siku ile. Mimi ndiye sikutazama, kwa sababu kalamu ilikuwa imeshalia.

Nilimwambia Festo kwamba betri ya kifaa imekwisha, aniachie mawe mpaka kesho. Alitabasamu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, la kwanza uliliandikia bila shida. Haya ni ndugu zake."

Nilimjibu kwamba hilo nimeliona. Alinitazama kidogo, akayakusanya mawe yake, akasema hata bila cheti kipya kile cha zamani kinamtosha. Jumamosi kuna mkutano wa kijiji na waliobaki watasaini. Akiwa mlangoni aliniuliza kama bado natembea kwa miguu kwenda nyumbani jioni. Kuanzia siku ile nilipanda bodaboda.

Nilimpigia simu mkuu wangu wa wakati ule. Aliniagiza niandike taarifa na nisubiri barua. Niliiandika usiku huohuo, nikaituma, na kesho yake nikapanda gari kwenda Mamboya.

Mzee Mhando alikuwa amebaki na mwanga wa jicho moja tu. Nilimwamkia, nikamweleza yote, nikitaraji atanipa kwanza pole. Aliniuliza cheti kinasemaje. Nikamsomea. Akauliza kama yale maneno matatu yamo. Nikasema hayamo. Mkewe aliweka chai mezani na kuondoka.

"Basi karatasi hiyo ndiyo almasi yao," alisema. "Yale mawe ni kisingizio tu."

Halafu akawa mwalimu tena. Alinieleza kwamba almasi nyingi za mashine za aina ile hukuzwa ndani ya chuma kilichoyeyuka, na zile zinazotoka na madoa meusi mara nyingi huwa zimebakiza chuma hicho tumboni. Sumaku yenye nguvu inaweza kuzivuta. Almasi ya ardhini haivutwi namna hiyo. Alinifundisha kuweka jiwe kwenye kitu kinachoelea, ili hata mvuto mdogo uonekane. Nikamuuliza kama ni lazima livutwe. Alisema hapana, mengine yana chuma kidogo mno. Sumaku ikishindwa mbele ya watu, nitakuwa nimemthibitishia Festo mara ya pili. Nikamuuliza yeye angefanya nini. Alinijibu kwamba yeye asingeandika Zombo bila yale maneno matatu, na tukanywa chai.

Jumamosi fundi redio wa Mikumi alinifungulia spika kubwa iliyoungua, akanipa sumaku yake. Nilikwenda Zombo na bodaboda, sumaku ikiwa kwenye kapu, imefungwa kwa kanga. Sikuwa nimepata nafasi ya kuijaribu kwenye mawe yale hata mara moja.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule. Mwenyekiti wa kijiji, Mama Zuhura, alikaa kwenye dawati la wanafunzi na Festo pembeni yake. Wakulima walijaa upande wa madarasa. Upande wa barabara walisimama wafugaji, labda arobaini, fimbo mikononi, na mbele yao mzee wao, Saitoti. Hakuna aliyekuwa amekaa. Kati ya pande mbili paliachwa nafasi pana, na niliivuka nikisikia mapanga yakigongana miguuni mwa vijana. Mgambo walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa na panga pia.

Nilimwomba Mama Zuhura nafasi ya kusema. Alinitambulisha kuwa ndiye mama wa cheti, na watu wakanipigia makofi. Makofi yale sitayasahau. Niliomba beseni la maji. Kisha nikamwomba Festo, mbele ya wote, aniazime jiwe moja nilipime. Hakuweza kukataa. Nilitoa kalamu, nikagusa, ikalia, na wakulima wakashangilia. Festo akalegea kwenye kiti.

Niliokota kifuniko cha plastiki cha chupa ya maji, nikakielekeza juu kama kijisahani, nikaweka jiwe ndani, nikakielesha kwenye beseni. Nilimwita Mama Zuhura asogee, na Mzee Saitoti, na Mzee Saidi kwa kuwa ndiye mwokotaji. Watatu wale wakainama juu ya maji. Nikasubiri kifuniko kitulie. Nikatoa sumaku na kuisogeza.

Hakikutikisika.

Nilisikia mtu akicheka nyuma. Nilisogeza sumaku karibu zaidi, mpaka ikabaki nafasi ya kidole. Nikaushika mkono wangu kwa mkono wa pili. Kifuniko kikageuka kidogo, kama mtu anayeitwa na hana hakika ni nani kamwita, halafu kikaanza kuja. Kikaja mpaka ukingoni. Nikaipeleka sumaku upande wa pili, kikafuata. Nikatoa jiwe lile, nikaweka kokoto la kijitoni, nikasogeza sumaku. Kokoto lilikaa palepale.

Mama Zuhura aliinuka na kuwaeleza watu alichokiona. Festo alisimama pia, na hakupandisha sauti. Aliniuliza jambo moja tu, mbele ya kijiji kizima: "Mama, jibu kwa neno moja. Hii ni almasi au si almasi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo tangu Mamboya, na bado sikuwa na njia ya kulikwepa.

"Ni almasi," nilisema.

Kelele zilipanda. Wafugaji walisogea hatua moja, wakulima nao hatua moja. Kijana mmoja alipiga teke beseni, maji yakanimwagikia miguuni. Nilipanda juu ya dawati la Mama Zuhura, mimi na miguu yangu iliyolowa, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo kwamba ni almasi iliyopikwa na mashine, ndani ya chuma, na chuma hicho bado kimo ndani yake. Kwamba inauzwa nchi nyingine kwa mfuko, na hakuna kijito chochote duniani kinachoitoa. Mtu akauliza kwa nini basi niliandika Zombo.

Ningeweza kusema nilidanganywa, na ingekuwa kweli kiasi.

"Niliandika kitu ambacho sikukiona," nilisema. "Niliambiwa Zombo nikaandika Zombo, kama vile nilikuwepo. Hilo ni kosa langu, si la Festo. Kila mtu aliyeweka dole hapa aliweka kwa sababu ya mkono wangu."

Hawakunipigia makofi tena. Mwanamke mmoja wa mbele alifunika uso kwa kanga, na vijana walianza kunijia. Nilimwona mgambo mmoja akirudi nyuma. Ndipo Mzee Saidi, aliyekuwa bado ameinama pale beseni lilipokuwa, alijiinua kwa shida na kusimama mbele ya dawati, kati yangu na wao.

"Jiwe sikuliokota," alisema. "Nilipewa."

Aliongea taratibu, bila kumtazama mtu. Alieleza kwamba Festo alimjia msimu ule ng'ombe walipomaliza mahindi yake kwa mara ya pili. Alimwambia kijito kikiwa na almasi njia ya ng'ombe itafungwa, na hakuna serikali itakayoifungua. Hakuahidiwa utajiri, wala hakuutaka. Alitaka ng'ombe wasipite tena, basi. Alisema hayo akiwa amesimama hatua nne kutoka kwa Mzee Saitoti.

Saitoti alimtazama Mzee Saidi kwa muda mrefu, nami nilitazama fimbo yake. Kisha aligeuka, akawaambia vijana wake maneno machache kwa lugha yao, na wakaanza kuondoka, yeye akiwa wa mwisho. Mpaka leo sijui aliwaambia nini. Sijui kama alisamehe au alikuwa tu amechoka kuhesabu majeruhi. Ila waliondoka, na wakulima walipoona upande wa pili umebaki mtupu, wengi waliteremsha mapanga.

Festo alikuwa ameshafika kwenye pikipiki. Hakufika Mikumi, polisi walimpokea njiani, maana Mama Zuhura, mwanamke mwenye akili kuliko sisi sote, alikuwa amewapigia simu kabla hata sijapewa nafasi ya kusema. Karatasi za madole gumba zilichukuliwa na kufutwa. Mtaro ulifukiwa kwa siku tano, wakulima na wafugaji wakifukia kwa zamu ili wasikutane, na kamati iliundwa ya kupanga njia ya ng'ombe isiyopita mashambani. Nasikia inafanya kazi baadhi ya miaka. Mimi nilipewa barua ya onyo, na kwa mwaka mzima kila cheti changu kilisainiwa na mtu wa pili, kijana niliyemfundisha mwenyewe kushika kibano. Alikuwa na adabu. Alisaini bila kuniangalia.

Mzee Mhando alifariki mwaka uliofuata. Nilikuwa nimempelekea habari zote, na aliniuliza tu kifuniko kilikuwa cha chupa gani, maana cha bati kingevutwa chenyewe.

Mzee Saidi nilimwona mara moja tena, miezi michache kabla ya kustaafu. Nilikuwa sokoni Kilosa, naye alikuwa amekaa nyuma ya fungu la nyanya, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Alinitambua kabla sijamtambua na akaangalia pembeni, akidhani nitapita. Nilichuchumaa mbele ya nyanya zake, nikamuuliza za Zombo. Aliniambia haishi huko tena, amehamia Lumuma kwa binti yake. Nilimuuliza kama walimdhuru. Alisema hapana, hakuna aliyemgusa, wala shamba lake halikuguswa, na ng'ombe hawakurudi kula mahindi.

"Ila msimu mzima hakuna mtoto aliyeniamkia," alisema. "Nilikuwa napita, wananyamaza. Mtu mzima kama mimi."

Alipanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Nami nikakumbuka kwamba nilianza kwa kumuuliza habari za kijiji, kama mtu aliyekutana na mtoto mwenzake. Nilisimama, nikakunja magoti kidogo kama mama yangu alivyonifundisha.

"Shikamoo, Mzee Saidi."

Aliiweka chini nyanya aliyokuwa ameishika.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na akaanza kunichagulia nyanya.